Nilibisha Mlango wa Mbele

Naungama mapema, kabla hamjaniuliza: kosa la Jumapili ile lilikuwa langu. Lakini kuungama si kupiga magoti. Nitayasema yote nikiwa nimesimama, na atakayecheka na acheke.

Kwa aliyekosa wiki zilizopita, ajue haya tu. Mimi ni Rodney Hogben, fundi lipu, mzaliwa wa Faversham, Kent, upande wa mashariki wa mto Medway. Ukinichanganya na wale wa magharibi ya mto tutakosana. Nilimpenda Avril Sugden alipokuja kwetu kiangazi kimoja kutandika vitanda katika hoteli ya Margate. Kiangazi kilipokwisha nikamfuata kwao Batley, Yorkshire. Huko nilipoteza kazi kwa kumtungia msimamizi wangu shairi, kisha nikapoteza chumba kwa kumsomea mama mwenye nyumba shairi lile lile, na kumbe mama huyo alikuwa dada yake msimamizi.

Mara ya mwisho mliniacha na barua mkononi. Avril aliandika kwamba baba yake, Mzee Wilf, amekubali kunisikiliza. Jumapili, chakula cha mchana. Nije kuomba ridhaa, maana bila ridhaa ya baba yake Avril haolewi, hata na mfalme.

Mwisho wa barua aliandika: "Pita nyuma." Akapigia mstari.

Pita nyuma!

Nilikuwa nimekwenda kwao mara mbili, na mara zote mbili nilipitishwa nyuma. Unaingia uchochoro, unapita mapipa ya taka, unapita stoo ya makaa, unainama chini ya kamba ya nguo, suruali ya mtu inakupangusa uso, halafu unatokea jikoni. Mama yake Avril, Bi Ivy, alikuwa akimenya viazi. Hakuinuka. Alisema tu, "Sogeza hiyo ndoo, mwanangu, ukae."

Mimi? Ndoo?

Kwetu Kent mlango wa nyuma ni wa paka na muuza maziwa. Mgeni hupita mbele, kwenye waridi, hubisha, hufunguliwa, hupokewa kofia. Hapa mlango wa mbele upo, umepakwa rangi ya kijani, shaba yake inang'aa, na ngazi yake husuguliwa kila wiki kwa jiwe mpaka inakuwa nyeupe kama chumvi. Lakini mimi nipite kwenye mapipa.

Nikajiambia: Rodney, hawa watu wanakuonea aibu. Hawataki majirani wakuone. Basi leo wataniona.

Nilivaa suti yangu. Ninayo moja tu, nyeusi, niliirithi kwa marehemu mjomba Cyril. Tai nyeusi, ya mjomba pia. Kofia nyeusi. Muuza maua wa kituoni alikuwa amebakiwa na mayungiyungi meupe tu, nikanunua yote.

Sasa ninyi mnaosoma mmeshaona. Mimi sikuona.

Nikapanda ngazi ile nyeupe na buti zangu, nikaacha alama mbili safi za matope. Nikashika kigongo cha shaba, nikabisha mara tatu, kwa kishindo. Kisha nikarudi hatua moja, nikavua kofia, nikaiweka kifuani, nikainamisha kichwa kidogo. Ndivyo mama alivyonifundisha adabu.

Ndani, milio ya sahani ilikatika.

"Wilf," sauti ya mwanamke ilisema, polepole. "Mlango wa mbele."

Kiti kikasogezwa.

"Usifungue," sauti ile ile ikasema. "Wilf, nakuomba. Tusipofungua, hajafa."

Sikuelewa. Nikadhani labda wana mbwa mgonjwa.

Tundu la barua likafunguka. Macho mawili ya kizee yakanichungulia kuanzia buti hadi nywele. Yalikuwa ya Bibi Clara, mama yake Mzee Wilf, ambaye nilikuwa nimemwona mara moja tu, akiwa amelala kitini.

"Kavaa nyeusi," akatangaza ndani. "Kofia kifuani. Ana maua."

Kitu kizito kikaanguka sakafuni. Tundu likafungwa.

Ningekuwa mtu mwingine ningekimbia. Lakini mimi nilidhani wananificha Avril. Nikabisha tena, nikapaza sauti: "Najua mmo ndani! Siondoki hapa mpaka mnifungulie!"

Nyuma yangu nikasikia mtaa umenyamaza. Nikageuka.

Nyumba ya mkabala walifunga mapazia. Ya jirani yake wakafunga. Ya tatu, ya nne, ya tano, moja baada ya nyingine hadi kona ya duka la samaki. Mtaa mzima ukanifungia mapazia, saa sita ya mchana, jua linawaka.

Damu ikanipanda kichwani. Kumbe chuki yao kwa watu wa kusini imefika hapa! Nikasimama wima, nikayaangalia yale mapazia moja moja, ili wajue sijatishika.

Mzee mmoja tu, aliyekuwa akipita na gazeti lake, alisimama, akavua kofia, akaniinamishia kichwa. Nikasema moyoni, angalau huyu ana malezi. Nikamwinamia na mimi.

Ndipo mlango ukaanza kutikisika.

Mzee Wilf alikuwa akiuvuta kutoka ndani. Ulikuwa umevimba, umegandamana na rangi. Akavuta, akatukana, akavuta tena. Nami kwa ungwana nikausukuma. Bawaba zikang'oka, lipu ikamwagika, na mlango wote, kijani na shaba yake, ukalala chini kwenye korido.

Akasimama mbele yangu mtu mkubwa, uso mweupe kuliko ile ngazi.

"Sema," akaniambia. "Usinizungushe. Ni Trevor?"

"Trevor yupi?"

"Mwanangu. Yuko zamu mgodini. Sema upesi, bwana."

"Mimi ni Rodney," nikasema. "Nimekuja kula."

Ndugu zangu, nimewahi kupigwa. Nimewahi kufukuzwa, nimewahi kutupiwa sanduku barabarani. Sijawahi kuangaliwa vile.

Nyuma yake Bi Ivy alikuwa amelala sakafuni. Avril amepiga magoti, anampepea na kitambaa cha vyombo. Akainua macho, akaniona na suti yangu na mayungiyungi yangu.

"Niliandika upite nyuma," akasema. "Nikapiga mstari."

Bibi Clara ndiye aliyenifungua macho, na hakunihurumia hata chembe.

"Kijana, hebu sikiliza. Huu mlango, mara ya mwisho ulifunguliwa miaka kumi na moja iliyopita. Wakampitisha mume wangu, ametangulia miguu. Kabla yake alikuja mkubwa wa mgodi. Suti nyeusi. Kofia kifuani. Akatuambia Stanley, mdogo wake huyu Wilf, amefukiwa. Alisimama pale pale uliposimama wewe. Hata kichwa alikiinamisha hivyo hivyo. Kilichokosekana ni maua tu, nawe ukaona utuongezee."

"Bibi, kwetu Kent..."

"Kwenu Kent kuko karibu na Ufaransa. Ingia, unaingiza baridi."

Nikaukanyaga mlango nikaingia. Hivyo ndivyo nilivyopita mbele.

Walimwinua Bi Ivy, wakamkalisha jikoni, wakampa chai nyeusi yenye sukari vijiko vinne. Mikono ilimtetemeka, kikombe kikawa kinalia juu ya kisahani. Nikataka kusema pole. Neno lilifika kwenye meno likakwama. Mimi pole zangu hazitoki haraka, huo ni udhaifu wangu na naujua.

Kabla halijatoka, mlango wa nyuma ukasukumwa. Jirani, Bi Oldroyd, akaingia na paja zima la nguruwe lililochemshwa, amelifunika kwa kitambaa cheupe, machozi yanamtoka.

"Ivy, kipenzi changu. Kijana mzuri kama yule!"

"Hajafa mtu, Elsie," Mzee Wilf akasema.

"Hajafa?"

"Hajafa. Ni huyu hapa. Kaja kula."

Bi Oldroyd akanitazama. "Ndiye yule wa kusini?"

"Ndiye."

"Basi nitarudi na nyama yangu." Akageuka nayo.

"Iache, Elsie," akasema Bibi Clara. "Leo bado ndefu. Huenda akafa huyu."

Haukupita muda uchochoro ukalia kwa buti za mtu anayekimbia. Akaingia kijana mpana, uso mweusi kwa makaa, hajaoga, hajavua hata mkanda wa taa. Alikuwa ameshuka zamu, akafika kona ya mtaa, akaona mapazia yamefungwa, kama huku wanavyoyafunga mtaani kukiwa na msiba.

"Bibi!" akalia. "Bibi yangu! Amekwenda saa ngapi?"

"Nipo hapa, mpumbavu wewe," Bibi Clara akajibu. "Vua viatu."

Trevor akaanguka kwenye kiti, akacheka na kulia kwa pamoja. Bi Ivy akamkumbatia na masizi yake yote, gauni la Jumapili likaharibika, wala hakujali. Alimshika masikio, alimshika mabega, kama mtu anayehesabu mwanawe kipande kwa kipande.

Nikamwona Mzee Wilf ameelekeza uso dirishani. Alikuwa akifuta miwani. Miwani ambayo hakuwa ameivaa.

Nikamwambia Avril kwa sauti ya chini, "Niende zangu?"

"Ukienda sasa," akasema, "basi hukuja kwa ajili yangu. Ulikuja kwa ajili ya mlango."

Nikakaa.

"Utakula, kwa kuwa kimeshapikwa," Mzee Wilf akasema bila kunitazama. "Ridhaa tutaizungumza baadaye, kama itakuwa na haja ya kuzungumzwa."

Tukakaa mezani sita. Bi Ivy akafungua oveni, akaleta sinia. Akanipakulia.

Pudini. Ile yao ya unga, mayai na maziwa, iliyookwa kwenye mafuta ya ng'ombe, imevimba kama kofia ya askari. Akaimwagia mchuzi mzito. Akaweka sahani mbele yangu. Basi.

Hakuna nyama. Hakuna viazi. Hakuna hata karoti.

Nikatazama oveni. Nyama ilikuwemo, naisikia harufu yake. Kwetu Kent, siku tukila pudini hii, hukaa pembeni ya nyama, ndogo, kama mtoto pembeni ya mama yake. Nikaangalia wengine. Vichwa chini, wanakula. Trevor ameshamaliza ya kwanza, anaomba ya pili.

Nikajiambia: hii ni adhabu. Wananilisha unga. Nyama wataila nikishaondoka.

Nikasukuma sahani.

"Huli?" Mzee Wilf akauliza.

"Nangoja chakula."

Uma zote zikasimama.

"Hicho ni nini?" akauliza, taratibu sana. "Hicho mama yangu alichokipika kabla ya mimi, na mama yake kabla yake. Hicho ni nini, kama si chakula?"

"Baba," akasema Avril.

"Acha ajibu."

Nami, badala ya kujibu kama watu wanavyojibu, nikainuka. Mashairi sikufundishwa na mwalimu. Nilijifunza mwenyewe, juu ya ngazi za ujenzi, nikihesabu mizani kwa kila bamba la lipu. Hunijia nikiwa na hasira, na hapo nilikuwa nayo tele. Nikashika kiti, nikayatoa:

*Mimi mwana wa Kusini, sikuja kula makombo,*
*Nyama mmeweka ndani, mwanipa unga wa pambo,*
*Nitakufa na imani, utu siuzi kwa tumbo,*
*Mgeni huja mbeleni, nyuma hupita vya kombo.*



Trevor alikuwa na kipande cha pudini nje ya mdomo. Bi Ivy ameshika kijiko hewani. Avril amefunika uso kwa viganja vyote viwili.

Bibi Clara akaweka kisu chini. Alifanya kazi miaka arobaini na minane katika kiwanda cha sufu, mahali ambapo mashine hulia kiasi kwamba wanawake huongea kwa midomo tu, na mwenye ulimi mzito huachwa nyuma. Akapangusa mdomo, akanitazama, akanirudishia:

*Mdomo umeuleta, akili ukasahau,*
*Nyama baba aikata, kula uache dharau.*

Nikageuza kichwa. Mzee Wilf alikuwa kweli ameinuka. Kisu kirefu mkononi, nyama ya ng'ombe mbele yake, nyekundu katikati, inatoa moshi, anakata mapande mapana kama vigae. Viazi vya kuoka vikafuata. Karoti. Kabichi.

"Huku pudini hutangulia, peke yake, na mchuzi," Bibi Clara akasema. "Anayekula pudini nyingi ndiye hupewa nyama nyingi. Ukishajaza tumbo unga, nyama yenyewe huiwezi. Ndivyo tulivyolea watoto saba kwa kipande kimoja. Umeona ujanja? Wewe hukula hata moja. Kwa sheria ya nyumba hii unastahili kunusa tu."

Trevor akapasuka kwa kicheko. Hata Bi Ivy, kwa mara ya kwanza siku ile, mdomo ulimcheza.

Mngetaka niombe radhi hapo, sivyo? Nilivuta sahani, nikala ile pudini iliyopoa, yote, nikafuta mchuzi kwa kidole. Kisha nikanyoosha sahani nikasema, "Nyingine."

Kwetu hiyo ni radhi tosha.

"Afadhali huyu kuliko mtu wa Lancashire," Trevor akasema, maana na hao majirani zao wa magharibi hawapatani. "Wa Lancashire angeimwagia siki."

"Usitaje Lancashire mezani," Mzee Wilf akasema. Lakini alinipa mapande mawili ya nyama.

Tulipomaliza, wanawake hawakuinuka kuosha vyombo, nami nikajua saa yangu imefika. Mzee Wilf akawasha kiko. Kutoka koridoni upepo ulikuwa unaingia pale mlango ulipokuwa, unapeperusha ncha za kitambaa cha meza.

"Unamtaka Avril wetu."

"Namtaka."

"Una kazi?"

"Sina. Lakini nina mikono. Ile lipu yako iliyomwagika, nitaipiga upya kesho, na hutaona kiungo."

"Hilo utalifanya hata kama nikikunyima binti." Akavuta moshi. "Swali langu ni moja. Nikikupa, utampeleka wapi?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu Margate. Faversham, karibu na mama, nyumba yenye waridi mbele. Sikuwahi kumwambia Avril kwa sababu niliona jambo liko wazi: mke hufuata mume, na mwenye akili hufuata jua.

Nikafungua mdomo. Bi Ivy akanitangulia.

"Mwanangu," akasema. Alikuwa ananiita mwanangu, baada ya yote yale. "Mimi leo nimempoteza mtoto. Kwa muda wa saa nzima, nilikuwa mama aliyefiwa. Nilimwona Trevor kwenye machela. Nilikuwa nachagua wimbo wa kanisani. Sasa nimerudishiwa, na namshukuru Mungu. Usinichukulie wa pili. Kent ni mbali. Mimi siwezi kupanda treni mara tatu kumfikia binti yangu akiumwa. Kaeni hapa. Chumba cha juu kipo. Kaeni, na ridhaa ya Wilf utaipata sasa hivi, mbele ya mama yake."

 Mzee Wilf aliitikia kwa kichwa, mara moja.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana watu wengi wamenisema vibaya. Mimi ni mtu wa kiburi. Sikuinama kwa msimamizi. Sikuinama kwa mama mwenye nyumba. Lakini nilimwangalia yule mama, kikombe bado kinamtetemekea, na nikajua nani alimtetemesha. Kitu ndani yangu, ambacho hakijawahi kukunjika, kikakunjika.

Kukaa Batley! Chai nyeusi kama lami, bia yenye povu nusu ya glasi, mvua siku tano kwa wiki, na kuitwa mlegevu wa kusini hadi kaburini.

"Nitakaa," nikasema. "Neno langu. Nitakaa hapa, katika nyumba hii, na hamtamkosa."

Bi Ivy akaanza kulia. Bibi Clara akagonga meza kwa kijiko. Trevor akanipiga mgongo, masizi yakabaki kwenye suti ya mjomba. Mzee Wilf akainuka, akazunguka meza, akaninyooshea kiganja kikubwa kama koleo. Nikakishika.

"Huku mkono ni mkataba," akasema. "Hakuna karatasi."

"Hata kwetu," nikasema.

"Mmemaliza?" Avril akauliza.

Alikuwa amesimama. Sikujua amesimama tangu lini.

"Mmemaliza kushikana mikono juu ya kichwa changu? Kama watu wa mnada wa kondoo pale Otley? Umewahi kuniuliza, Rodney? Baba, wewe? Mama?"

"Kukuuliza nini, mpenzi?" Bi Ivy akasema. "Unabaki nyumbani."

"Sitaki kubaki nyumbani."

Akatoa barua mfukoni mwa aproni. Niliitambua nembo. Ile hoteli ya Margate.

"Wameniandikia wiki mbili zilizopita. Si vitanda safari hii. Mapokezi. Mezani, na simu yangu mwenyewe. Wananitaka kesho asubuhi. Nilingoja leo. Nilisema, Rodney atakuja, ataomba ridhaa, atasema Kent kwa ile sauti yake ya kugombana na dunia, baba atanung'unika, mama atalia kidogo, halafu tutaondoka wote kwa heri." Akanigeukia. "Batley nzima hii, mtu mmoja tu nilimwamini kwamba hawezi kukubali kukaa Batley. Wewe. Umegombana na kila mtu hapa, hata na mlango. Siku ya kwanza ya kukubali kitu, ukachagua hiki!"

"Avril, nilifanya kwa ajili yako."

"Ulifanya kwa ajili ya mama. Na ni vizuri, nakusifu. Basi kaa naye."

"Hupati ridhaa ya kuondoka," Mzee Wilf akasema.

"Harusi bila ridhaa yako sifanyi, baba. Nilisema, na sivunji. Lakini kazi nitaifanya bila ridhaa ya mtu."

Akapanda ngazi. Tulisikia sanduku likivutwa chini ya kitanda. Halikufunguliwa, halikupakiwa kitu. Lilikuwa tayari. Akashuka amevaa koti, akambusu bibi yake kwenye paji, na Bibi Clara, yule mwenye jibu kwa kila mtu, alimshika shavu tu.

Avril hakuja jikoni kuelekea uchochoroni. Alienda koridoni, akakanyaga mlango uliolala, ukalia chini ya viatu vyake.

"Si huko!" Bi Ivy akapiga kelele, akaangusha kiti. "Avril! Si kwa huko, mwanangu! Wanaotoka huko hawarudi!"

Avril akasimama kwenye ngazi ile nyeupe, penye alama za buti zangu. Mtaani mapazia yalianza kufunguka, moja moja, na nyuso nyuma yake.

"Rodney," akasema bila kugeuka. "Treni ni saa tisa na robo. Nitanunua tiketi moja. Ya pili itakuwa juu yako."

Akashuka. Nikasikia viatu vyake kwenye mawe ya barabara, vinakwenda bila haraka, kama vya mtu anayewapa watu nafasi.

Nilikuwa nimetoa neno. Mbele ya mama aliyefiwa saa nzima kwa ajili ya kofia yangu. Na sijavunja neno tangu nizaliwe, muulizeni yeyote mashariki ya Medway.

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika hamsini.

Ndipo nikagundua kwamba Mzee Wilf bado ameshika mkono wangu.

Nikauvuta. Akakaza.